Kwa Nini Makmende Alikaa, na Kichekesho cha Leo Hakimalizi Wiki?

Swali: Mwaka 2010 nilikuwa nahudumu kwenye saiba moja Buruburu. Makmende, yule jamaa wa video ya muziki, alipovuma, wateja walikuwa wanaketi wawili wawili kwa mashine moja, na tulimcheka kwa miezi. Siku hizi binti yangu wa miaka 14 ananionyesha kitu Jumatatu, nikikitaja Ijumaa ananiambia, "Dadi, hiyo iliisha." Je, vichekesho vya mtandaoni vimekuwa hafifu, au ni mimi nimezeeka? Halafu bado nina diski ya kompyuta mojawapo ya pale saiba, imejaa picha za wakati ule. Mke wangu anataka niitupe. Niitupe?
Baba Neema, Umoja

Jibu: Baba Neema, kwanza diski hiyo usiitupe. Nitairudia mwishoni, lakini kama gari la taka linapita mtaani kwenu leo, inuka uiweke mahali salama kabla hujaendelea kusoma.

Sasa swali lenyewe. Hujazeeka. Ila kipimo chako kina kasoro, kwa sababu unamlinganisha Makmende na vitu vilivyozaliwa juzi, ilhali Makmende hakuzaliwa 2010.

Hebu rudi nyuma kidogo. Miaka ya tisini, kwenye ploti zetu za Eastlands, mtoto akifunga taulo shingoni na kuruka kutoka juu ya ukuta, wenzake walimwambiaje? "Unajifanya Makmende?" Akitaka kupigana na wawili kwa mpigo, swali lilikuwa lilo hilo. Maelezo ambayo wengi huyatoa ni kwamba jina lilitoka kwa Clint Eastwood. Katika filamu yake moja ya 1983 anamwelekezea jambazi bastola, kisha kwa Kiingereza kinachopita katikati ya meno anamwambia ajaribu tu, amfurahishe siku yake. Mwisho wa sentensi ile, ukiisikia kwenye televisheni ya Great Wall isiyo na rangi, sebule imejaa watoto wa jirani, ni "mek mai dei". Watoto hawakuwa na shida na maana. Waliichukua ile sauti wakaifanya mtu.

Nataka uitazame vizuri kazi waliyoifanya, maana mimi huwa naishangaa kila nikiifikiria. Walitengeneza steringi asiye na filamu. Hakuna aliyejua Makmende ana sura gani, anaishi wapi, ana silaha gani. Hata namna ya kuliandika jina lake hakuna aliyeijua, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuliandika. Kila mtaa ulimjaza kwa ulichonacho. Kwetu alikuwa anaweza kuingia mechi City Stadium bila tiketi na askari wakampigia saluti. Kwenu huenda alikuwa anafanya mengine. Aliishi midomoni mwa watoto kwa miaka mingi namna hiyo, kisha watoto wakakua, wakatafuta kazi, wakamwacha.

Ndipo Machi 2010 kundi la Just A Band wakatoa video ya wimbo wao "Ha-He". Mtu mwenye nywele za afro na kitambaa cha kichwani anatembea mitaani akiwatandika wahuni, mtindo wote ni wa filamu za Marekani za miaka ya sabini. Wateja wako pale saiba hawakuwa wanamwona mtu mpya. Walikuwa wanaonyeshwa, kwa mara ya kwanza, sura ya mtu waliyemjua tangu wakiwa wa darasa la pili. Ndiyo maana walikaa wawili wawili kwa mashine moja. Mmoja alikuwa anatazama, na mwingine alikuwa anamsimulia Makmende wa mtaa wao.

Na bahati ya wakati pia ilikuwepo. Hadi 2009 intaneti yetu ilitegemea setilaiti, na wewe uliyekuwa ukiwasha mashine unakumbuka ukurasa mmoja wenye picha ulivyokuwa ukishuka kutoka juu kama pazia, mteja akihesabu shilingi zake kwa dakika. Nyaya za chini ya bahari zilifika Mombasa mwaka huo, TEAMS na SEACOM, na SEACOM ikaanza kazi Julai. Kwa hiyo "Ha-He" ilitoka miezi minane tu baada ya kutazama video mtandaoni kuanza kuwa jambo linalowezekana kwa mtu wa kawaida Nairobi. Tulikuwa na kiu, na chombo kilikuwa kimefika.

Lakini kiu huisha. Kilichomfanya Makmende akae ni ile nafasi aliyotuachia. Ndani ya siku chache watu walikuwa wanaandika sentensi zao kumhusu, kwa mtindo ambao Wamarekani walikuwa wamekwisha kuutumia kwa Chuck Norris tangu 2005. Mtindo ule ni rahisi: unachukua taabu ya kawaida ya Nairobi, unaipindua, unampa yeye. Nitunge mbili hapa hapa uone. *Makmende akikatiwa stima, giza ndilo linalotafuta mshumaa.* *Makmende hangoji matatu ijae. Ikimwona inajaa yenyewe.* Dakika moja imetosha. Mtu wa Mombasa ataweka ya kivuko, mwanafunzi ataweka ya mtihani, mama wa Gikomba ataweka ya kanjo. Wengine wakatengeneza jalada bandia za majarida yenye picha yake. Wikipedia walifuta ukurasa wake mara kadhaa, wakidhani ni upuuzi wa wiki moja, na kila ukifutwa mtu mwingine alikuwa anauandika tena, mpaka wakauacha.

Nafasi hiyo si uvumbuzi wa intaneti. Fungua sanduku la mama yako utoe leso. Kaderdina Hajee Essak alianza biashara Mombasa mwaka 1887, akatuachia chapa ya Mali ya Abdulla, na leso hadi leo ina pindo, ina mji, na chini ya mji ina jina. Chukua jina moja maarufu: *Sina siri nina jibu.* Jibu la nini? Nani aliuliza? Kitambaa hakisemi. Mwenye kuivaa ndiye anayekamilisha, na jirani anayepita uani ndiye anayejua kama ameambiwa yeye. Mwanamke mwingine kilomita mia tano kutoka hapo amevaa leso iyo hiyo na ugomvi wake ni mwingine kabisa. Mimi naamini huu ndio ufundi mkubwa wa utani wa pwani na bara: kusema nusu, na kumwachia mwenzio nusu. Makmende alikuwa nusu. Vingi anavyokuonyesha Neema ni vizima, vimeshapikwa na kupakuliwa, hakuna unachoweza kuongeza ila kucheka na kupita.

Sasa tuje kwenye mashine, maana nayo ina lawama yake.

Mwaka 2010 kichekesho kilisafiri mkononi mwa mtu. Ili Makmende amfikie shemeji yako aliye Nakuru, ilibidi mtu amkumbuke huyo shemeji, amtumie barua pepe au ambandikie kwenye ukurasa wake wa Facebook, na alipie dakika za kufanya hivyo. Katika kila hatua kulikuwa na mtu aliyechagua, na wengi waliongeza lao kabla ya kupitisha. Hata Twitter kwa miaka yake ya mwanzo ilikupangia maneno kwa mfuatano wa saa: uliowafuata wamesema nini, nani amesema kwanza. Mwaka 2016 Twitter na Instagram zikaanza kupanga kwa kukisia utakachokipenda. TikTok, iliyomeza Musical.ly Agosti 2018, ikaenda mbali zaidi. Pale huhitaji kumfuata mtu yeyote. Programu inapima umeitazama video kwa muda gani, umeirudia au umeiruka, kisha inakuletea nyingine ya aina hiyo, na nyingine. Binti yako anakutana na kichekesho kilekile mara ishirini ndani ya siku mbili, kutoka kwa watu asiowajua, kabla hajapata hata muda wa kutunga chake. Ameshiba kabla hajanawa mikono. Ijumaa ukikitaja, lazima aone umechelewa.

Lakini haki itendeke. Ile sauti ya TikTok ambayo kila mtu anaichukua na kuigiza juu yake ni nafasi pia, na wapo vijana wa Nairobi wanaoitumia kwa ustadi ambao sisi hatukuwa nao. Nimeona msichana akitumia sauti moja ya sekunde saba kumwigiza mwalimu wake wa zamu, hasemi neno, ni nyusi tu na kipande cha chaki, na shule nzima ikamjua ni nani. Huo ni ufundi wa leso. Tatizo ni kwamba sauti yenyewe mara nyingi imetoka mbali, haina mizizi hapa, na mashine ikiacha kuisukuma hakuna mtaa wa kuipokea. Makmende mashine ikimwacha, alikuwa na ploti za kurudi.

(Kuna na matangazo. Neno la vijana likishaonekana kwenye bango la barabarani likiuza mkopo, vijana wanalihama usiku huohuo. Hili ni la zamani kama Sheng yenyewe, na sioni ubaya wake.)

Mfano wa pili wa kitu kilichokaa unaujua. Machi 2012, baada ya shambulio la guruneti hapa Nairobi, CNN walitangaza habari kwa namna ambayo ilitufanya tuonekane kama nchi iliyo vitani. Wakenya wakajibu kwa alama ya reli ya #SomeoneTellCNN, yaani jamani, mtu awaambie CNN. Tazama ilivyotengenezwa. Ni mwanzo wa sentensi tu! Mtu awaambie nini? Kila mmoja alimalizia. Wimbi likapita. Julai 2015, Rais Obama akiwa njiani kuja Nairobi, CNN wakatuita kitovu cha ugaidi, na maneno yaleyale ya miaka mitatu nyuma yakafufuka kana kwamba yalikuwa yamelala mlangoni. Mwezi uliofuata mkuu wa CNN wa kimataifa, Tony Maddox, alipanda ndege akaja kuomba radhi. Hakuna kamati iliyoyaweka maneno yale akiba. Yalibaki kwa sababu watu walikuwa wameshayatumia kwa mikono yao.

Na wa tatu ni wa githeri. Tarehe 8 Agosti 2017, siku ya uchaguzi, mtu mmoja kwenye foleni ya kupigia kura hapa Nairobi alipigwa picha akila githeri kutoka kwenye mfuko wa plastiki. Nchi nzima ilikuwa na wasiwasi, watu wamejaza unga na maji nyumbani, na huyu anatafuna pole pole. Watu wakamkata kwenye foleni ile wakambandika kando ya kila mtu mashuhuri unayemjua. Desemba akatajwa kwenye orodha ya nishani za Serikali. Lakini mimi nikiiangalia picha ile leo, jicho langu linakwenda kwenye mfuko. Siku ishirini baadaye, tarehe 28 Agosti, marufuku ya mifuko ya plastiki ilianza kutekelezwa Kenya. Picha ambayo watu waliicheka kwa ajili ya githeri imehifadhi, bila aliyepiga kukusudia, wiki za mwisho za chakula cha mkononi kilivyobebwa Nairobi kwa miaka mingi. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule hajawahi kununua mandazi kwenye mfuko wa namna ile.

Hapa ndipo naomba tutofautiane kidogo, Baba Neema. Umesema vitu vya siku hizi vinakufa. Vingi havifi. Mpwa wangu wa Kasarani, miaka 17, hunitumia stika ya mtu yule wa githeri kila ninapochelewa kufika tulipoahidiana. Nilimuuliza kama anajua ni nani. Akanijibu, "Shangazi, si ni stika tu ya kungoja?" Hakujua foleni ile ilikuwa ya nini. Mwaka 2017 alikuwa mdogo mno kufuata habari za uchaguzi. Uso umebaki kwenye simu yake, una maana mpya, na maana hiyo ni nzuri: huyu ni mtu anayengoja bila kukasirika. Kilichopotea ni kisa. Tofauti ya wakati wetu na wa Neema iko hapo zaidi kuliko kwenye urefu wa kicheko. Vitu vinapita haraka kiasi kwamba hakuna anayebaki na hadithi ya vilikotoka.

Ndiyo maana nilianza na diski yako.

Tumezoea kudhani kitu kikishawekwa mtandaoni kimehifadhiwa. GeoCities, iliyokuwa na kurasa za watu binafsi kwa mamilioni, ilifungwa Oktoba 2009. Vine, mtandao wa video fupi, ilifungwa Januari 2017. Mwaka 2019 MySpace walikiri kwamba nyimbo, picha na video zilizowekwa na watu kabla ya 2016 zimepotea wakati wa kuhamisha mitambo. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekusanya picha za skrini nyingi sana za ile Machi 2012, majibu ya watu wa kawaida, mengine makali, mengine ya kutoa machozi. Mwaka uliofuata simu ikazima nikaipeleka kwa fundi mjini. Ilirudi inawaka vizuri, na ndani ilikuwa tupu. Sijawahi kuyaona majibu yale tena, na mengi yaliandikwa na watu ambao akaunti zao hazipo leo.

Kwa hiyo fanya hivi. Geuza diski uangalie panapochomekwa waya. Ukiona safu mbili za pini nyembamba, ni ya IDE, aina ya zamani. Ukiona ndimi mbili bapa, ni ya SATA. Nenda Luthuli Avenue na diski yenyewe mkononi, uliza waya wa kuiunganisha na kompyuta kwa USB wa aina hiyo, na diski ya kompyuta ya mezani hakikisha waya unakuja na chaja yake, maana USB peke yake haiwezi kuizungusha. Usiiache kwa fundi, simama hapo hapo. Ukiichomeka na kompyuta ikakuuliza kama unataka kuifomati, kataa. Ukisikia inagonga tik tik tik, ichomoe mara moja usiijaribu tena, kwa sababu kila jaribio linaikwaruza zaidi, na hapo ndipo unapohitaji mtu aliyebobea kwa kurejesha data. Ikifunguka salama, usianze kutazama picha. Nakili zote kwanza, sehemu mbili tofauti, moja isikae nyumbani kwenu. Majina ya faili usiyaguse. Jina baya kama "funny3_final.jpg" lina habari ndani yake, na tarehe ya faili ndiyo ushahidi wako kwamba kitu kilipita Buruburu wiki gani.

Na hili ni zito kuliko yote: diski ya saiba ina mambo ya wateja. Utakuta wasifu za kazi, nakala za vitambulisho, labda barua za mahakamani au za mapenzi. Hizo si zako wala si zangu. Tangu 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data, lakini hata kama tusingekuwa nayo, mtu aliyechapisha wasifu wake kwako kwa shilingi kumi hakukukabidhi maisha yake. Zitenge, zifute kwenye nakala zote, na usimwonyeshe mtu. Kilichobaki, vile vichekesho, jalada bandia, barua pepe za kupitishana, ndicho tunachokitaka.

Ukipita Moi Avenue, jengo la Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, ghorofa ya chini kuna vitu alivyovikusanya Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa pili wa rais: sanaa za Afrika nzima, alizozitafuta na kuzinunua mwenyewe kwa miaka mingi. Mtu mmoja tu aliamua kwamba hivi visipotee. Hadithi za Makmende wa ploti nazo zinamtegemea mtu wa namna hiyo, na wewe ulikuwa umekaa kaunta wiki ile ile, ukiwaona wanaocheka kwa macho yako.

Mwite Neema mkae pamoja Jumamosi moja. Fungua picha moja tu, mwache aulize yeye, na majibu yako yaandikeni kwenye faili ya maandishi yenye jina lilelile la picha: nani aliileta, ilikuja kwa flashi au kwa barua pepe, ilikuwa mwezi gani, wateja waliongeza maneno gani, na kama unakumbuka, ilikuwa mashine namba ngapi.